Wimbo Mmoja Shilingi Ngapi?

Muulize mwanachuo yeyote bei ya wali maharage kafteria, atakujibu kabla hujamaliza swali. Atakwambia na mwaka jana ilikuwa ngapi, mama wa nje ya geti anauza ngapi, na kwamba siku hizi hata upawa wa maharage umepungua kina. Sasa muulize kusikiliza wimbo mmoja kunamgharimu shilingi ngapi. Wengi watasema ni bure. Wachache watasema, "Si bando tu." Nimewauliza watu kumi na wawili bwenini kwetu, hakuna hata mmoja aliyenipa namba.

Mimi nasoma ualimu na somo langu la kufundishia ni hisabati. Kwa watu wa hisabati "si bando tu" ni jibu la mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Basi leo tuifanye wote, wenzangu. Kikokotoo cha simu kinatosha. Naahidi hakuna kinachozidi kuzidisha na kugawanya, hata ndugu zetu wa Historia watafika.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hugeuzwa namba. Mawimbi yake hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti. Kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kina biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: 44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Wimbo wa dakika nne una sekunde 240. Zidisha tena, gawanya kwa 8 ili biti ziwe baiti, unapata MB 42 na ushee. Wimbo mmoja! Kwa intaneti ya miaka ya tisini hiyo ilikuwa sawa na kupitisha kabati kwenye tundu la sindano.

Waliotatua tatizo hilo walikuwa wahandisi, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Walitumia udhaifu wa sikio la binadamu. Sikio halisikii kila kitu. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, kama vile spika za baa zinavyomfunika jirani anayekuita. Kama hutaisikia, kwa nini tuihifadhi? Itupwe. Faili lililobaki likapewa mkia wa .mp3 mwaka 1995. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo wetu wa MB 42 unashuka hadi chini ya MB 4, yaani mara kumi na moja. Karibu vyote tunavyofanya leo na muziki kwenye simu vimejengwa juu ya wazo hilo la kutupa kisichosikika.

Sasa tuje kwenye mfuko. Wiki ninayoandika haya nilinunua MB 800 kwa Sh 2,000, za siku saba. Gawanya: Sh 2.5 kwa MB. Wewe una bando lako, labda la usiku, labda la ofa ya chuo, weka namba yako mwenyewe. Mimi natumia yangu. Wimbo wa dakika nne ukiustrimu kwa kilobiti 160 unakula MB 4.8. Mara 2.5 ni Sh 12. Haya, sio mbaya.

Lakini wangapi kati yetu wanasikiliza kwa njia ya sauti tu? Tembea korido usiku uone. Simu imelazwa kifudifudi juu ya godoro, video inacheza, hakuna anayeitazama. Video ya ubora wa kawaida inayotumia kilobiti 1,000 kwa sekunde itamaliza MB 30 kwa wimbo uleule wa dakika nne. Hiyo ni Sh 75. Unalipa Sh 63 za ziada ili godoro litazame wachezaji. Kwa saa nzima, sauti peke yake inakula MB 72, sawa na Sh 180. Video inakula MB 450, sawa na Sh 1,125. Mwenye bumu la Sh 10,000 kwa siku, la chakula na malazi, akipigisha video kwa saa mbili kila siku huku anafua au anasoma, ametoa Sh 2,250. Karibu robo ya hela ya kula. Kwa mwezi wa siku thelathini ni Sh 67,500.

Bado hatujagusa kurudia. Wimbo mpya ukitoka tunausikiliza mpaka jirani anagonga ukuta. Tuseme mara hamsini kwa muhula. Kwa video ni Sh 3,750. Kwa sauti ya kustrimu, kama programu haiuhifadhi, ni Sh 600. Ukiwa umeupakua mara moja ni zile Sh 12, kisha mara arobaini na tisa zinazofuata hazikugusi. Namba hii ndiyo niliyoipeleka darasani nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, Kidato cha Pili, mada ya uwiano.

Darasa la Wimbo

Mwalimu wangu msimamizi alikuwa na wasiwasi. Kitabu kina mifano ya mafundi wanaochimba mtaro kwa siku nane, na mtihani unapenda mitaro. Alikubali niwape kipindi kimoja. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, lakini majadiliano yalihamia Kiswahili baada ya dakika tatu, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kueleweka. (Wenzangu wa ualimu mnaijua hii. Tutaijadili siku nyingine, ni makala nzima.)

Simu kwa wale watoto ni za wazazi. Wanazipata jioni, zikiwa na salio la mzazi, na wanajua MB zilizobaki kuliko mimi. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wiki nzima alikuwa hajanyoosha mkono, alinyoosha. Akasema kwenye simu ya kaka yake kuna programu ya muziki ya kulipia, nyimbo zimepakuliwa humo, na mwezi kaka aliposhindwa kulipia nyimbo zilikuwepo zinaonekana majina lakini hazichezi. "Sasa mwalimu, alizinunua au hakuzinunua?"

Mwalimu mzuri angekuwa na jibu fupi. Mimi niliwaambia tutalifanyia kazi, nikaenda kulitafuta, na nililolikuta ndilo lililonifanya niandike hapa.

Binti alikuwa ameona kitu ambacho matangazo hayasemi kwa sauti. Kuna kununua na kuna kupanga. Ukinunua kaseti, CD, au faili la MP3 lisilo na kufuli, umeshika kitu. Ukilipia programu ya mwezi, umepanga chumba. Faili "ulilolipakua" ndani ya programu limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mwenye nyumba. Spotify, kwa mfano, iliyoingia Tanzania Februari 2021, inataka uunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30, vinginevyo vilivyopakuliwa vinaondoka. Kodi ikiisha, mlango haufunguki. Hakuna aliyekudhulumu; ndivyo mkataba ulivyoandikwa, katika kurasa ambazo sote tulibonyeza "nakubali."

Hata penye kitufe kilichoandikwa "nunua," mara nyingi ulichopata ni leseni. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu muuzaji wake hakuwa na haki ya kuviuza. Waliokuwa wanavisoma waliamka havipo. Kimojawapo kilikuwa riwaya ya George Orwell kuhusu serikali inayofuta kumbukumbu, na mtu angetunga hivyo tungemwambia amezidisha chumvi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali. Pesa zilirudishwa, vitabu vikatoweka. Jimbo la California lilitunga sheria, inayotumika tangu Januari 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa anachopewa ni leseni. Sisi hapa tunabonyeza neno lilelile kwenye simu zilezile.

Sisemi kupanga ni kubaya. Nusu yetu tumepanga magheto na maisha yanakwenda. Kwa Sh 12 unasikia wimbo ambao huenda hutaurudia tena, na maktaba ya dunia nzima iko kiganjani. Baba yangu alipokuwa na umri huu wangu alikuwa na kaseti saba. Ninachosema ni kwamba kodi na bei ya kiwanja hazilinganishwi kwa kuangalia tarakimu pekee.

Spika Janja na Sabufa

Nyumbani kwetu Morogoro tuna vyombo viwili vya muziki, na ukiviweka mezani pamoja huhitaji mhadhara.

Cha kwanza ni sabufa. Mzee aliinunua Kariakoo kwa Sh 95,000, ina taa zinazowaka kama harusi, tundu la flashi, tundu la memori kadi, redio, na rimoti ambayo betri zake zimefungwa kwa gundi ya karatasi. Cha pili kililetwa na dada yetu, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi Muscat. Alikuja likizo ya Desemba na spika janja, ile ndogo ya mviringo unayoiamrisha kwa mdomo. Zawadi ya upendo kabisa, na sauti yake nzuri, hilo nalitamka wazi.

Ili iwake ilidai akaunti, programu kwenye simu na waifai. Waifai hatuna, tukaiunganisha na hotspoti ya simu yangu. Kiswahili haikijui. Mama aliiambia icheze kwaya, ikajibu kwa Kiingereza kirefu. Niliporudi chuoni tulitaka kuihamishia kwenye simu ya mama, programu ikagoma, simu ni ya zamani mno. Kabla ya hapo usiku mmoja nilipima: niliiacha imewashwa, hakuna aliyeigusa, asubuhi kaunta ya hotspoti ilisoma MB 64. Kwa bei yangu ni Sh 160.

"Mwanangu, hiki kidude kinakula bando hata kikiwa kimelala?"

"Ndiyo mama. Kinaongea na wenzake huko kwao."

"Basi kiongee kwa hela yao."

Sasa imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna picha ya mahafali ya kaka. Sabufa inaendelea.

Tatizo la chombo kinachotegemea mtandao halikuanzia kwetu. Mwaka 2020 kampuni ya Sonos ya Marekani ilitangaza kwamba spika zake za miaka ya nyuma hazitapata tena masasisho ya programu kuanzia Mei mwaka huo. Wateja walikuwa wametoa mamia ya dola na spika zenyewe zilikuwa nzima. Kelele zilikuwa kubwa hadi bosi wa kampuni akaomba radhi na kueleza kwamba zitaendelea kufanya kazi, ila bila vipya. Angalia hapo: kilichozeeka hakikuwa koili wala karatasi ya spika. Hapa nyumbani tulilipata somo kama hilo usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na miji mingine ikafuata. Televisheni ya kichogo iliyokuwa nzima saa tano usiku ilihitaji king'amuzi saa sita. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka watu wazima wakiipiga kofi kwa nyuma, dawa iliyokuwa imefanya kazi miaka yote.

Kisha kuna LUKU, na hapa ndipo mama anapokuwa mchumi kuliko wahadhiri wangu. Sisi tuko kwenye kundi la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi hilo Sh 1,000 inakupa uniti 8 na kidogo. Ukizidi 75, uniti za ziada unauziwa bei ya juu, na ukiendelea hivyo unahamishwa, na huko kundi la kawaida Sh 1,000 haifikishi hata uniti 3. Sabufa yetu inavuta kama wati 40. Kwa saa sita kwa siku ni uniti 0.24, kwa mwezi uniti 7.2. Katika kundi letu hiyo ni chini ya Sh 900. Katika kundi la kawaida inapita Sh 2,500. Muziki uleule, sabufa ileile.

Mama hajawahi kuandika milinganyo hii, lakini kuanzia tarehe ishirini na tano anachungulia mita kila jioni, na kama namba inakaribia anazima sabufa na kuimba mwenyewe. Friji haizimwi, kwa kuwa barafu anazouza ndizo zinazolipa daftari za mdogo wangu. Mpaka wa uniti 75 ndio mstari kati ya mwezi unaoisha salama na mwezi wa kukopa dukani. Ndiyo maana nasema spika inayovuta wati 3 usiku na mchana, yaani uniti 2 na ushee kwa mwezi kwa kusubiri tu kuitwa jina, inabidi ijieleze.

Kilichopanda ni Nini Hasa?

Tunalalamika kwamba muziki umepanda bei. Nilikuwa nakubali mpaka nilipoukagua.

Usajili wa Spotify wa mtu mmoja nchini Marekani ulikuwa dola 9.99 tangu 2011. Julai 2023 ukawa 10.99, na Julai 2024 ukawa 11.99. Bei iliyoandikwa ilipanda asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja, vichwa vya habari vikalia. Lakini kati ya 2011 na 2023 bei za vitu kwa jumla huko zilipanda takriban theluthi moja. Kilichouzwa dola 9.99 mwaka 2011 kingepaswa kuuzwa zaidi ya dola 13 ili thamani ibaki ileile. Kwa hiyo mwaka 2024, hata baada ya kupanda mara mbili, usajili ulikuwa nafuu kuliko ulivyoanza. Hii ndiyo tofauti ya bei iliyoandikwa na bei halisi, na ukiielewa hapa umemaliza robo ya kozi ya uchumi wa mwaka wa kwanza.

Kwa Mtanzania anayelipia kitu kwa dola, kuna mlango wa pili wa kupandia. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu Sh 2,300. Mwaka 2024 ilipita Sh 2,600. Huduma ya dola 9.99 kwa bei ya zamani ya dola ni kama Sh 23,000. Huduma hiyo ikifika dola 11.99 na dola ikiwa Sh 2,650 ni karibu Sh 31,800. Asilimia 38, na kwa mteja wa Marekani ni 20. Bei za hapa za programu nyingi za muziki ziko chini ya hizo na zinatozwa kwa shilingi, kwa hiyo pigo hili zaidi linawahusu wanaolipia hifadhi ya mtandaoni, programu za kuhariri na vitu vya namna hiyo. Lakini sabufa, flashi, simu na betri navyo vimenunuliwa kwa dola kabla havijafika Kariakoo.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilionyesha mfumuko wa bei wa kama asilimia 3 kwa mwaka 2024. Ukisoma hivyo kafteria unacheka. Hakuna uongo hapo. Hiyo ni wastani wa kapu la taifa zima, lenye vitu ambavyo mwanachuo hanunui kabisa na vingine ambavyo ananunua kupita kiasi. Kapu langu mimi lina chakula, nauli, bando, fotokopi na umeme wa gheto. Tengeneza kapu lako, andika bei za mwezi huu, rudia muhula ujao. Ni zoezi la nusu saa na utajua mfumuko wako binafsi.

Nilipolitengeneza la kwangu, wimbo wenyewe haukuwemo kabisa. Vilivyokuwemo ni njia ya kuufikia: bando, chaji, earphone za Sh 3,000 zinazokufa upande mmoja kila baada ya miezi miwili. Muziki umekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Vinavyouzunguka ndivyo vinavyotutafuna, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa viwango ambavyo hakuna anayeviandika.

Flashi na Msanii

Najua wengine mshanikatiza: si ukajaze flashi stationery, Sh 100 kwa wimbo, habari iishe? Flashi ya GB 8 inabeba nyimbo zaidi ya 1,600 za MB 4.8, haidai bando, haiulizi nywila, na sabufa inaipenda. Kwa hesabu tupu hakuna kinachoishinda. Ila katika ile Sh 100 msanii hapati hata thumni. Anayelipwa ni mwenye kompyuta.

Halafu wanaotetea kustrimu wasijisifu mno. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 iliyopita. Jamaa yetu wa mwaka wa tatu, mnamjua, anayepiga gitaa karibu na maktaba, nyimbo zake zinasikilizwa mara mia tatu, mia nne. Anapata sawasawa na anachopata kwenye flashi ya stationery. Mimi nimemlipa mkononi Sh 2,000 akanitumia faili la wimbo wake kwa Bluetooth. Bila kufuli, bila bando, na hela yote kafika nayo kafteria. Mkimwona mfanyeni hivyo hivyo, anazo nyimbo tano.

Kaseti ya Mama

Kuna muziki ambao haupo Spotify, haupo Boomplay, haupo kwa mwenye kompyuta wa stationery. Mama aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wao, wakarekodi kaseti mwaka 1998. Wanakwaya wanne wameshafariki. Nakala tunayoijua imebaki moja, iko kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na utepe wa kaseti ni plastiki yenye ungaunga wa sumaku unaochakaa kila mwaka hata usipochezwa. Programu zote za kupangisha muziki duniani hazina habari na kopo lile. Dada wa Muscat anaitaka. Mtoto wa marehemu msoloist, ambaye hakumbuki sauti ya mama yake, ameiulizia mara mbili.

Namna nilivyoifanya, kwa wenye kopo kama hilo nyumbani. Niliazima redio ya kaseti ya mzee mmoja mtaani, nikasafisha kichwa chake kwa pamba ya masikio na spiriti, nikaacha kikauke. Kabla ya kuweka kaseti yenyewe nilijaribu na nyingine isiyo na thamani, kuona kama redio inatafuna utepe. Waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la earphone la redio hadi tundu la maikrofoni la laptop, Sh 2,500. Programu ni Audacity, haiuzwi. Sauti ya redio iwe ya wastani. Mstari ukigonga juu kabisa sauti inakatika na hakuna dawa ya kuirudisha baadaye. Kisha unabonyeza rekodi na unakaa. Hakuna njia ya mkato: upande wa dakika 30 unachukua dakika 30. Mama alikaa na mimi muda wote, akiwataja majina kadiri kila sauti ilivyoingia, nami nikaandika majina hayo pembeni.

Hifadhi kwanza faili zima, la WAV, kama MB 317 kwa upande wa dakika 30. Hilo usilitume kwa mtu, ndilo la kutunza, na litunze mahali pawili. Kutoka hilo toa MP3 ya kilobiti 192, inakuwa kama MB 43. Kuituma Muscat kwa bando langu ni Sh 108. Jina la faili liwe na mwaka, kwaya na upande. "Audio 001" baada ya miaka mitano haitakuambia chochote.

Upande A uko tayari, upo kwenye flashi ya sabufa. Upande B una mahali utepe ulikunjamana, kwenye wimbo wa tatu, na mwenye redio amesema nisubiri atafute bisibisi ndogo tuufungue tuunyooshe kwa mkono. Nitaumalizia likizo, kabla ya tarehe ishirini na tano.